Waipa za Baba Asha

Alhamisi, 9 Januari

Tumerudi salama kutoka hospitali ya Lindi. Saa nane na nusu mchana. Nimemlaza Baba Asha, nimemgeuza ubavu, nimemvua viatu. Nguo zake zimelowa upande mmoja kwa sababu kioo cha mlango wake hakipandi mpaka juu. Hilo tumelizoea.

Jipya ni waipa. Mvua ilitukuta tulipokwisha kuiacha lami. Nikawasha. Zikapanda nusu, zikajifikiria, zikapanda tena, ndipo zikashuka. Kwenda na kurudi pumzi tatu. Nimeuguza watu miaka thelathini na mbili kabla ya kustaafu, najua mtu aliyechoka anavyohema. Njia nzima nimeendesha nimeinama kama ninayetafuta sindano.

Nilijifunza gari nina miaka hamsini na saba, kwa kulazimishwa, na mwalimu alikuwa yeye, mume wangu. Tangu kiharusi kimpige mwezi wa kumi na moja, kiti cha dereva ni changu. Mkono wake wa kulia hauna habari, mguu unaburutwa, na maneno yote yamekwenda isipokuwa moja. Bado. Umekula? Bado. Umelala? Bado. Daktari alimuuliza jina lake, akajibu bado. Nikacheka, kisha nikaenda kulia chooni.

Dada wa mazoezi pale hospitali amesema tena leo. Miezi sita ya mwanzo ndiyo yenye faida. Kila Alhamisi, bila kukosa. Mkono ukiachwa unajikunja, na ukishajikunja ndiyo basi. Miezi sita inaisha mwezi wa tano. Mvua nazo zinaisha mwezi wa tano. Nimechoka hata kabla ya kuanza.

Ijumaa, 10 Januari

Asubuhi nimelipima gari kama mgonjwa wa nje. Nimeisafisha mipira ya waipa kwa sabuni. Nimemwaga ndoo ya maji kwenye kioo, nikawasha. Polepole vilevile. Nimezima taa, nimezima feni. Polepole. Nimewasha injini nikakanyaga mafuta ili umeme uongezeke. Zimechangamka kidogo, au mimi ndiye niliyetaka zichangamke. Fyuzi ni nzima. Ingeungua zisingetembea kabisa. Hilo alinifundisha mwenyewe.

Alikuwa barazani kwenye kiti chake, ananitazama. Kutazamwa na mtu anayejua unapokosea na hawezi kusema ni adhabu. Nikamwambia, kama una la kusema, sema. Nikajuta kabla sijafunga mdomo.

Mchana nikiwa napika alijikokota mpaka jikoni, akatia mkono wa kushoto kwenye jivu la pembeni ya mafiga, akajipaka. Kiganja, vidole, mpaka kwenye kifundo. Nimemnawisha. Sijui alitaka nini.

Alhamisi, 16 Januari

Lindi na kurudi. Baada ya mazoezi nimepitia kwa Fundi Chande, anayetengeneza umeme wa magari mjini. Kijana mwenye adabu na mwenye haraka. Shikamoo yake unaipokea huku keshafungua boneti. Amekwangua vichwa vya betri, vilikuwa na unga wa kijani. Ameifungua swichi, ameipiga msasa, ameirudisha. Amekaza waya unaorudi kwenye bodi. Amemwaga maji kwenye kioo. Zikaenda vizuri kidogo. Akaniambia mama, hapo tayari.

Baba Asha ndani ya gari akasema bado. Chande akacheka kwa heshima.

Tulipofika palepale pa juma lililopita mvua ikashuka. Pumzi tatu. Ya upande wake ndiyo mbaya zaidi, inatetemeka kabla ya kuondoka. Akanyoosha mkono wa kushoto akagonga kioo, chini kabisa, pale vinapotokeza vile vyuma viwili vinavyoshika mikono ya waipa. Nikadhani ananionyesha shimo barabarani. Nikamwambia nimeliona. Sikuwa nimeona chochote.

Jumapili, 19 Januari

Jivu tena. Safari hii baada ya kumwogesha na kumvalisha shuka safi. Nimegeuka kuchukua chai tu. Nilipogeuka tena ana jivu mpaka kwenye kiwiko, na anasugua vidole vyake mbele ya uso wangu. Nimempiga mkono. Si kwa nguvu, lakini nimempiga. Mimi. Wagonjwa wangapi wamenitapikia na sikuinua mkono.

Ameketi akinipa mgongo mpaka adhuhuri. Nami nimefagia uwanja ambao haukuwa mchafu.

Nguzo za baraza bado nyeusi kwa yale mafuta ya maganda ya korosho aliyozipaka mwezi wa tisa. Nilikuwa Dar kwa Asha, binti yetu, namhudumia na kichanga chake. Nimerudi nakuta nyumba inanuka kama imebanikwa. Nikamgombeza juma zima. Lakini mchwa hawajarudi. Nimpe haki yake.

Alhamisi, 23 Januari

Naandika bila kuvua nguo mbichi.

Mvua kubwa. Kona ya baada ya daraja dogo. Waipa zimepanda mpaka katikati ya kioo zikasimama. Kabisa. Sikuona barabara, sikuona boneti. Nimekanyaga breki, gari likateleza, likajisimamisha upande. Maji yalipopungua nikaona gurudumu la baiskeli, hatua mbili mbele ya bampa. Mwanamume na mkewe na gunia la mkaa. Yeye hakutukana. Aliniambia pole mama, akaisukuma baiskeli yake wakapita. Heri angenitukana.

Nimeteremka nikazisukuma waipa kwa mkono. Ngumu. Nikaendesha kichwa kikiwa nje ya dirisha mpaka nyumbani.

Baba Asha alinishika mkono wa nguo. Hakuuachia mpaka nilipozima gari.

Ijumaa, 24 Januari

Sitaendesha kwenye mvua tena. Nimemwambia hivyo. Amesema bado.

Alhamisi, 30 Januari

Mvua tangu alfajiri. Hatukwenda.

Basi la abiria hapana. Tulilijaribu mwezi wa kumi na mbili. Walimpandisha watu watatu, msuli aliovaa ukafunguka, akabaki wazi mbele ya umati. Mtu aliyekuwa hawezi hata kukaa barazani bila kofia. Siku mbili hakula. Bodaboda ndiyo usiseme, mguu hautulii.

Nimemfanyisha mazoezi mwenyewe kwa yale niliyoyaona. Kunjua, kunja, kunjua. Kidole cha mwisho kimekuwa kigumu. Nimejifanya sijakigundua, lakini yeye ameniona nikikigundua.

Jumamosi, 1 Februari

Fundi Chande amekuja mpaka huku Kilangala kwa bodaboda, na mota ya waipa ndani ya mfuko. Imetoka kwenye gari lililoanguka huko njia ya Masasi. Nilimpigia simu nikamwambia mota imekufa, tafuta nyingine. Mimi ndiye niliyeandika cheti cha kifo.

Ameishika mota mpya mkononi, akagusisha nyaya kwenye betri. Ikazunguka kwa kasi, mpaka nikatabasamu. Akaifunga. Akawasha. Pumzi tatu. Akaongeza maji. Pumzi tatu. Kisha harufu ya moto, na fyuzi ikakatika.

Akaitoa ile ya zamani kwenye mfuko, akaijaribu nayo mkononi. Nayo ikazunguka vizuri! Chande akakuna kichwa. Akasema nyaya zimechoka, zinahitaji kubadilishwa zote tangu swichi, gari liende mjini likae siku mbili. Yeye ni fundi umeme. Kila ugonjwa kwake ni umeme. Sisi wauguzi tulikuwa na daktari wa namna hiyo, kila tumbo kwake lilikuwa minyoo.

Akatia fyuzi nyingine. Wingu lilikuwa linakuja na bodaboda anapiga honi. Akaondoka. Tangu Chande afungue boneti mpaka anaifunga, Baba Asha alikuwa anasema bado, bado, bado, na mwishoni alikuwa kama anaomba. Nikamwomba anyamaze. Akanyamaza, na sikujisikia vizuri hata kidogo.

Alhamisi, 6 Februari

Mvua. Hatukwenda, mara ya pili. Dada wa mazoezi amepiga simu mwenyewe. Nikamweleza. Akauliza kidole cha mwisho kikoje. Nikasema kigumu. Na cha pili yake? Nikasema nacho. Kimya cha upande wa pili wa simu nakifahamu, nimewapa watu wengi.

Ijumaa, 7 Februari

Nimefikwa.

Baada ya sala ya Ijumaa amekuja Shemeji Issa, mdogo wake Baba Asha, kutoka Rasbura mjini Lindi. Amekuja na kanzu yake nyeupe, na mkate wa kumimina wa mkewe, na maneno aliyoyapanga njiani. Kwamba kaka akakae kwake Rasbura, hospitali iko karibu, bajaji ni dakika chache. Kwamba gari liuzwe, chuma chakavu kinanitesa bure. Kwamba mimi nibaki na mikorosho na nyumba, niwe nakuja Jumamosi. Vyumba viwili na watu saba, nikamkumbusha. Akasema mahali pa kaka hapakosekani. Ni mtu mwema. Ndiyo maana ilikuwa vigumu kumkatalia.

Nikamwambia Baba Asha si mzigo, akili yake nzima, aulizwe mwenyewe. Nikaona nimesema neno.

Na palepale Baba Asha akainuka kwa fimbo, akaenda jikoni, akarudi na konzi ya jivu. Akampaka mdogo wake. Kifua cha kanzu. Akausugua mkono wa Issa kwa vidole vyake, kidole kwa kidole, anamtazama machoni, anasema bado, bado. Issa hakujikung'uta. Alikaa tu. Machozi yakamtoka, naye akadhani simwoni.

Nilipomsindikiza njiani akaniambia, "Shemeji, kaka hayupo tena. Usijiue kwa kumtafuta."

Nikamwambia sawa. Jumapili ya tarehe kumi na sita aje na gari la kukodi, amchukue.

Wanasema akili ni nywele, kila mtu ana zake. Za mume wangu zimekwisha nyonyoka. Nimeiandika. Haya.

Jumatatu, 10 Februari

Nimefungasha. Misuli minne, mashati matano, kofia ile ya Idi. Kibao cha kuegemeza mkono. Nikaweka na redio yake, nikaitoa, nikairudisha.

Yeye anaangalia begi. Hakuna jivu leo. Amekata tamaa au amesahau, sijui kipi ni kibaya zaidi.

Miaka thelathini na minane ya ndoa inaenea kwenye begi moja la zipu.

Jumatano, 12 Februari

Niandike taratibu, nisiruke kitu.

Asubuhi nilikwenda kwa Bi Somoe, jirani yetu, kumwambia kwamba Jumapili mwenzangu anaondoka. Bi Somoe anabangua korosho na wenzake watatu chini ya banda lake. Nilimkuta ndiyo kwanza anaketi. Akavuta kile kibakuli chake, akatia mikono yote miwili kwenye jivu, akajipaka. Kiganja, vidole, mpaka kwenye kifundo. Akasugua kidole kwa kidole. Halafu ndiyo akashika korosho.

Nimemwona akifanya hivyo maelfu ya mara. Hapa kila mtoto anajua: usipojipaka jivu, mafuta ya ganda yanakula ngozi. Mimi mwenyewe nimewafunga bendeji waliojisahau. Lakini leo nilisahau hata nilichomjia. Bi Somoe akauliza kama naumwa.

Nikamuuliza, mwezi wa tisa Baba Asha alichukua kwako mafuta ya maganda, alichukua kiasi gani?

"Madebe mawili, Mama Asha. Moja la nguzo, jingine alisema la gari. Si mlikuwa Rasbura miaka yote ile, chumvi ya bahari imelila? Akasema anapaka kila penye kutu, chini na juu, likauke lisiguswe na maji tena. Nikamwambia baba, hayo yakikauka ni gundi. Akacheka."

Sikuaga. Nimerudi mbio, mimi mwenye goti bovu.

Alikuwa kitandani anatazama ukuta. Nikaenda jikoni, nikajipaka jivu mikono yote miwili, nikasimama mbele yake. Nikasema, "Mafuta ya korosho. Umeyapaka kwenye waipa."

Sina maneno ya uso wake. Alipiga godoro kwa mkono wa kushoto, mara tatu, kwa nguvu, na sauti ikamtoka ambayo si bado wala si neno lolote.

Nikamtoa nje, nikampeleka mpaka kwenye gari, nikamwegemeza kwenye bampa. Nikang'oa kile kifuniko cha plastiki chini ya kioo. Pale pale alipokuwa ananigongea. Vyuma viwili vinavyopita kwenye bodi na kubeba waipa vimezungukwa na kitu cheusi, kigumu, kinachong'aa. Kama sukari guru iliyoungua. Kisu hakikiingii. Alipaka kiangazi, waipa hazina kazi, yakakauka kwa raha zake miezi mitatu. Na kabla mvua haijaanza yeye akaanguka. Mota haikuwa na kosa. Zote mbili hazikuwa na kosa. Zilikuwa zinasukuma kitu kilichogandishwa, na kila tulivyoziongezea umeme ndivyo zilivyozidi kuchemka.

Akajitazama kiganja, akanitazama mimi, akapiga paji la uso wake. Kosa ni lake na analijua. Amelijua tangu ile Alhamisi ya kwanza. Mwezi mzima na zaidi anakiri, na mimi namnawisha.

Vile vyuma nimevimwagia mafuta ya taa. Nimeviacha vilowe. Nimechoka lakini si uchovu ule.

Alhamisi, 13 Februari

Hatukwenda mazoezini, gari liko wazi. Mara ya tatu. Nimempigia dada wa mazoezi, nikamwambia juma lijalo hata iwe gharika.

Kazi ya kutwa. Nimefungua nati, nimetoa mikono ya waipa. Nimechomoa vile vyuma vinavyounganisha mota na pini, yaani vile viwili vinavyobeba waipa, nikaijaribu mota peke yake: inaruka. Nikajaribu kuzungusha pini kwa koleo: haziendi. Hapo ndipo ningeanzia tangu siku ya kwanza, na Chande naye, lakini nani anafikiri kuhusu chuma wakati umeme unalaumika kirahisi.

Maji ya moto. Mafuta ya taa. Kukwangua kwa bisibisi bapa. Jivu mkononi, maana hata yakikauka yanawasha. Ya upande wa dereva imetoka baada ya adhuhuri kwa kugongwa na kipande cha mpingo. Msasa, grisi, rudisha. Ikazunguka kwa kidole kimoja. Nikamwambia imekwisha. Bado, akasema, akaelekeza ya upande wake. Nikamwambia hiyo kesho. Bado. Tumeing'oa.

Yeye ndiye aliyeshika nati. Nilimtilia kwenye kiganja cha kulia, kile kilicholala, akazifunika na cha kushoto. Haikupotea hata moja.

Alasiri nimewasha. Maji ya ndoo. Fya, fya. Nimesahau kama waipa huwa zina kasi hiyo. Nimeziacha zitembee kwenye kioo kikavu mpaka zikaanza kulia, na hakuna aliyeniambia nizime.

Jumapili, 16 Februari

Issa amekuja na gari la kukodi, saa tatu asubuhi kamili. Nilikuwa nimempigia asije. Akadhani ni huruma imenishika, akaja.

Nimempeleka kwenye gari. Nimemwonyesha kile kigamba cheusi nilichokihifadhi kwenye kopo. Nimewasha waipa. Nikamweleza jivu lilikuwa la nini. Alikinusa kigamba muda mrefu kuliko kinavyohitaji kunuswa.

Kisha akaenda barazani, akachutama mbele ya kaka yake, akamwambia, "Kaka, ulikuwa unaniambia?"

Baba Asha akamwangalia kama mtu anavyomwangalia mdogo wake mjinga. Ule mtazamo naujua tangu nilipoolewa. Issa naye akaujua. Akacheka huku anafuta macho kwa mkono wa kanzu.

Akanywa chai. Akamlipa dereva wa kukodi amrudishe peke yake. Kabla ya kuondoka akaliinua begi la zipu lililokuwa mlangoni, akalirudisha ndani mwenyewe. Kuhusu kuuza gari hakuna aliyezungumza.

Alhamisi, 20 Februari

Tumekwenda. Tumerudi. Alasiri.

Mvua ilikuwepo kwenda na kurudi. Ile kona ya daraja dogo nimeipita taratibu, na nimeiona yote, mpaka vyura barabarani. Kioo cha mlango wake bado hakipandi. Amelowa upande mmoja.

Dada wa mazoezi ameushika mkono, akavijaribu vidole kimoja kimoja. Viwili vimekaza. Amesema tumepoteza kitu katika majuma matatu haya, hawezi kunidanganya, ila miezi mitatu iliyobaki mpaka mwezi wa tano hatujaipoteza. Wiki ijayo na ijayo. Nimesema tutakuja.

Wakati wa kurudi mvua ilizidi nikaegesha pembeni kidogo, si kwa kuogopa, nilitaka kupumzika. Waipa zikiendelea kupangusa. Yeye alikuwa anaziangalia, kulia, kushoto. Nikaona nisipomwambia leo sitamwambia. Niliandika humu kwamba akili imemtoka. Maneno hayo sikuyafuta, na sitayafuta, acha yabaki yanisute. Lakini yeye alistahili kusikia kwa mdomo.

Nikamwambia, "Nisamehe, Baba Asha. Nilidhani umeshaondoka."

Akauweka mkono wake wa kushoto juu ya wangu, kwenye gia.

"Bado."

Sijui kama ni jibu au ni lile neno lake la kila siku. Nimelichukua kama jibu. Nikatia gia, tukaja nyumbani.

Amelala sasa. Kesho niloweke misuli yake, ina madoa ya grisi.